Damu ya Siku ya Kwanza

Makosa yangu mengi nimeyafanya kwa haraka, kwa sababu hasira zangu ziko karibu, na mdomo wangu haungoji. Hili moja nililifanya kwa uangalifu mkubwa, nikiwa nimenawa mikono na kuvaa koti jeupe lililopigwa pasi, na nikalirudia mpaka zikatimia mara kumi na mbili. Mpaka leo likinijia ghafla, nikiwa nakoroga uji au nimekaa kanisani, mwili unanisisimka na inabidi nishike kitu kilicho karibu.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zilipoachiwa huru. Maduka ya Songea yaliyokuwa na rafu tupu yalijaa sabuni za kila rangi, mitumba ikamwagwa chini sokoni, na koti langu la kazi nililipata humo humo kwenye marobota, limedariziwa mfukoni jina la mtu nisiyemjua wa nchi nisiyoijua. Nilikuwa msaidizi wa maabara katika hospitali moja ya mjini. Kazi yangu ilikuwa choo, mkojo na vijidudu vya malaria. Hadubini yetu haikuwa na taa. Ilikuwa na kioo kidogo chini yake, nasi tuliisogeza dirishani ikapata mwanga wa jua. Siku ambazo mawingu yalifunika milima ya Matogoro tuliwaambia wagonjwa warudi kesho, nao walirudi bila kunung'unika. Aliyenung'unika ni mimi.

Kipimo nilichokipenda kuliko vyote kilikuwa cha sikoseli, ule ugonjwa wa damu ambao mtoto anaurithi kwa baba na mama. Unachanganya unga kidogo na maji asubuhi hiyo hiyo, maana ukilala unapoteza nguvu. Unadondosha tone lake kwenye damu, unafunika kwa kioo chembamba, unaziba kando kwa nta ya mshumaa ili hewa isiingie, unangoja. Chembe za damu za mtu asiye nao zinabaki mviringo. Za mwenye nao, zikikosa hewa, zinajikunja na kuchongoka ncha kama mundu. Unatazama baada ya nusu saa, unatazama baada ya saa mbili, halafu kesho yake unatazama mara ya mwisho. Nilikipenda kwa sababu hakikuwa na ubishi. Zimepinda au hazikupinda, basi, hakuna cha nadhani wala labda.

Mdogo wangu, tuliyefuatana kuzaliwa, alikuwa ameolewa Matogoro na mtu wa Tunduru, Mwislamu mpole aliyekuwa akiuza mashuka na mapazia ya mitumba. Baba yetu, Mkatoliki wa kiti cha mbele, alinuna tangu harusi, na mpaka wakati huo alikuwa hajakanyaga kwao. Mtoto wao wa kwanza alikuwa wa kike. Alifariki kabla hajatimiza miaka minne, baada ya maumivu ya mifupa ambayo sitaki kuyaeleza hapa. Damu yake niliipima mimi, lakini wakati huo alikuwa ameshajua kuimba na kutania watu. Niliwapima na wazazi wake. Wote wawili wanaubeba ugonjwa bila kuugua.

Alipopata mimba ya pili, mdogo wangu alinifuata maabara na kusimama mlangoni bila kuingia.

"Dada, huyu nataka nimjue siku ile ile ya kwanza."

"Kumjua vipi?"

"Damu yake. Yule nilimjua nimeshamzoea. Huyu nisimzoee bure."

"Mtoto si kuku wa sokoni wa kumpuliza manyoya," nikamkaripia. Nilifikiri atacheka. Hakucheka, akaendelea kusimama pale amejishika kiuno, mpaka nikamwambia sawa, nitampima kabla hajanyonya.

Nilitimiza ahadi. Muuguzi wa leba alinikingia damu ya kitovu kwenye chupa ndogo, nami nikaipokea kwa mikono miwili kama mtu anayepokea komunyo. Mtoto alikuwa wa kiume, mwenye sauti kubwa. Nikachanganya unga, nikaziba nta, nikangoja. Nusu saa: mviringo. Saa mbili: mviringo. Nilitazama mpaka jicho likatoka machozi, nikahamia jicho la pili. Kesho yake asubuhi nilifika kazini kabla ya mfagizi, na damu ilikuwa vile vile, hakuna hata chembe moja iliyochongoka. Nikachukua kalamu nyekundu na kuandika kwenye kadi yake ya kliniki: Sikoseli, hazipindi.

Nilikimbia wodini. Mdogo wangu alikuwa amelala amempa mtoto mgongo.

"Hana," nikasema.

Akageuka. "Apa."

"Naapa."

"Apa kwa marehemu mama."

Nikaapa kwa marehemu mama. Hapo ndipo alipomvuta mtoto kifuani. Shemeji alisema Alhamdulillahi, akakaa sakafuni pale pale kati ya vitanda, wanawake wakamcheka. Siku ya saba walichinja mbuzi, na baba yetu alikuja. Alikula nyama ya akika, akamshika mjukuu wake, akasema ana masikio ya ukoo wetu. Mimi ndiye niliyekuwa mgeni rasmi. Kila aliyeingia aliambiwa huyu dada ndiye aliyemtazama mtoto ndani ya damu, akamkuta mzima, nami nilijifanya sipendi kusifiwa.

Habari ilitoka Matogoro ikazunguka mji. Muuguzi wa leba akaanza kuniletea chupa nyingine, za watoto ambao mama zao walikuwa wamezika watoto kabla yao. Wanawake waliniita dokta, na sikuwakatalia. Nilinunua daftari lenye jalada gumu nikachora mistari kwa rula: jina la mama, mtaa, siku ya kuzaliwa, jibu. Katika miezi minane niliandika watoto kumi na wawili. Wote hazipindi.

Wote! Familia kumi na mbili zilizozika watoto kwa ugonjwa ule, na katika vioo vyote vile hapakuwa na mwana mmoja aliyeurithi, hata wa kuubeba tu kama wazazi wake. Mtu mwenye akili angeshtuka kwenye mtoto wa tano. Mimi niliona Mungu ameamua kuihurumia Songea, na kwamba amenichagua mimi nitangaze. Ninapoandika maneno haya nasikia aibu usoni, moto kabisa.

Basi mtoto wa mdogo wangu alipokuwa na miezi minane, mwalimu mmoja alikuja kutoka Dar es Salaam kutufanyia semina ya siku tatu sisi watu wa maabara. Alikuwa mnene, mwenye sauti ya chini, hana yale majivuno ya watu wa Dar. Wakati wa chai nilimwendea na daftari langu. Nilitaka anisifu mbele ya wenzangu, sina sababu ya kuficha.

Alilisoma ukurasa kwa ukurasa, andazi mdomoni.

"Safi sana," akasema. "Hawa watoto walikuwa na umri gani?"

"Siku moja, mwalimu. Wengi ni saa ile ile ya kuzaliwa. Damu ya kitovu."

Akaacha kutafuna.

"Wote siku moja?"

"Wote."

"Na hakuna hata mmoja ambaye zilipinda?"

"Hata mmoja," nikasema, na nakumbuka nilikuwa natabasamu.

Aliweka kikombe dirishani. Akaniambia niketi, nikamwambia nimekaa asubuhi nzima, akaniambia tena niketi. Nikaketi. Akasema polepole, kama mtu anayeogopa kumwaga kitu, kwamba mtoto akiwa tumboni ana damu ya aina nyingine, damu ya huko huko tumboni, na hiyo haipindi hata kama ugonjwa anao. Anazaliwa akiwa bado nayo. Inapungua mwezi kwa mwezi, na ile atakayoishi nayo inachukua nafasi yake. Huko kwenye hospitali kubwa ipo mashine ya kuzitenganisha damu hizo kwa umeme, inaweza kumjua mtoto siku ya kwanza. Kipimo chetu cha unga na nta hakiwezi. Kwa mtoto wa siku moja hakisemi ndiyo wala hapana. Inabidi ungoje miezi sita, wakati mwingine zaidi.

"Lakini nilitazama vizuri," nikasema.

"Naamini ulitazama vizuri."

"Nilirudia mpaka kesho yake."

"Dada, hata ungetazama mwezi mzima."

Akaomba kalamu yangu. Chini ya neno nililoandika kwa mwandiko wangu mzuri, hazipindi, akaandika lake, hazijapinda. Akanirudishia daftari.

Nilitazama ile "ja" moja. Nilikuwa nimeongea Kiswahili tangu nikiwa na meno ya utotoni, nikajibu mitihani kwa Kiswahili, nikawagombeza watu kwa Kiswahili, na sikuwahi kujua kwamba kati ya maneno mawili hayo mtoto anaweza kupita akafa. Nilisikia vijiko vya wenzangu vikigonga vikombe na vicheko vyao, nikashangaa kwamba bado wanacheka. Nilimchukia yule mwalimu. Nilitaka kumpiga kofi andazi limtoke. Halafu nikakumbuka kuwa nimeapa kwa marehemu mama, nikasimama, na sikuaga mtu.

Baiskeli ya maabara ilikuwa imeegemea ukutani nikaichukua. Kwenye mwinuko wa Matogoro miguu ilikataa, nikashuka nikaisukuma huku najisemesha barabarani mpaka watu waliotoka shamba wakanipisha. Nilikuwa nasema: labda mzima. Labda mzima tu. Mimi niliyeringa kwamba kipimo changu hakina labda.

Mdogo wangu alikuwa amekaa kwenye mkeka nje ya jiko anamenya karanga, mtoto ameegemezwa kwenye mto pembeni yake.

"Dada! Semina imeisha mapema?" Akamnyanyua mtoto. "Njoo umwone mwanao alivyonenepa. Tazama mikono, imejaa mpaka vile vikunjo vya kiganja vimepotea."

Niliushika mkono. Ulikuwa wa moto, umekazana kama andazi lililoumuka, na mtoto alipiga ukelele mkali. Nikashika wa pili, vile vile. Nikavua soksi. Miguu yote miwili ilikuwa imevimba juu ya nyayo, sawasawa, kulia na kushoto. Nikamvuta chini ngozi ya jicho, ndani kulikuwa kweupe.

"Tangu lini?"

"Juzi." Akainamia karanga zake. "Hapana, wiki mbili zimepita. Inakuja inashuka. Nadhani meno."

"Meno hayavimbishi miguu. Marehemu alianza vipi?"

Alianza kumvisha mtoto soksi.

"Alianza hivi hivi."

"Kwa hiyo ulijua!"

"Niliona, dada. Lakini wewe uliandika. Kila nikiona vidole vimevimba nilikwenda kwenye sanduku nikafungua kadi nikasoma. Nikasema macho yangu ndiyo mabaya, yamezoea msiba. Nikasema dada yangu hawezi kukosea."

Nilimwambia. Nilimwambia vibaya, maneno yakigongana, damu ya tumboni, miezi sita, mwalimu wa Dar. Alinisikiliza mdomo wazi. Kisha akachukua ungo wa karanga akanirushia kifuani kwa nguvu zake zote.

"Uliapa!"

Karanga zilitawanyika uani, kuku wakazikimbilia, mtoto akalia, na sisi wawili tukalia pamoja naye, mimi nimesimama na yeye amepiga magoti. Ni yeye aliyenyamaza kwanza. Alimfunga mtoto mgongoni, akafunga mlango, akaniuliza kama ile hadubini bado ina jua la kutosha.

Lilikuwepo. Haikuhitaji hata nusu saa. Nilipoinamia kioo zilikuwa zimeshachongoka, nyingi sana, kila upande niliosogeza. Nilimwita aje aone mwenyewe. Alitazama muda mrefu, akasema, "Ndizo hizo," kama mtu aliyeonyeshwa mwizi wake. Kuanzia siku ile alimpa vidonge alivyoandikiwa bila kuruka, na homa ikimgusa tu alikuwa mlangoni kwetu kabla ya kifungua kinywa. Yule mtoto yu hai. Ni baba wa watu sasa, ameugua sana na amelazwa sana, na ana mdomo kama wangu. Lakini mwaka mzima mdogo wangu hakuniita dada. Aliniita dokta.

Walibaki kumi na mmoja. Mkuu wa maabara, mzee wa maneno machache, alinisikiliza akavua miwani, akasema baiskeli ni yangu mpaka niwamalize. Nilikwenda. Sitasimulia milango yote. Wengine waliniambia asante, mmoja alinifungia mlango. Wengine walikuwa wamehama na sikuwapata kamwe, na hao ndio ninaowaota. Niliokuta watoto wao wamefikia umri niliwapima upya. Za baadhi yao hazikupinda. Za wengine zilipinda, na mama zao walinitazama mimi badala ya kumtazama mtoto. Nilijifunza kusema haraka, kabla sijakaribishwa kiti, kwa sababu nikishakaribishwa kiti na kuletewa maji nilishindwa.

Nyumba ya mwisho ilikuwa Ruhuwiko. Mama wa pale nilimkumbuka vizuri. Alikuwa amezika watoto wawili kabla ya yule niliyempima, na nilipomletea jibu alipiga vigelegele akiwa bado kitandani leba. Nilimkuta anaanika nguo. Aliponiona aliacha beseni akaja kunikumbatia.

"Karibu, dokta! Umekuja kunipa pole. Nani alikwambia?"

Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka kwa ajili ya kusema haraka. Ukabaki wazi.

"Pole ya nini?" nikauliza.

Mtoto alikuwa amefariki miezi miwili iliyopita. Alinieleza tukiwa tumesimama kati ya nguo zilizolowa. Homa ilianza alfajiri. Alimpa klorokwini ya nyumbani, akamkanda kwa maji, akasema ni malaria tu, itashuka. Mchana mtoto akaanza kupauka, tumbo likamjaa upande mmoja. Jioni akambeba kumpeleka hospitali, akafia mgongoni kwenye njia panda.

"Namshukuru Mungu na wewe pia," akasema, ameushika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili. "Angalau haukuwa ule ugonjwa. Wale wawili nilisemwa sana hapa kwetu, kwamba mimi tumbo langu linazaa damu mbaya. Safari hii mume wangu aliwaonyesha kadi yako, akawaambia someni, huyu damu yake safi, amekufa kwa malaria kama watoto wengine. Wakanyamaza. Hakuna aliyenisema."

Nilisema pole, mama. Nilisema tena, pole. Nikawaza: nyamaza. Mtoto ameshazikwa, hakuna wa kupima hapa. Mwachie huyu kitu kimoja alichobaki nacho, panda baiskeli, nenda. Naapa, na safari hii naapa kwa kitu ninachokijua, nilikuwa nimeshageuka.

"Dokta," akaita. Alikuwa amejishika tumbo juu ya kitenge, anaona haya. "Nimepata tena. Miezi mitatu. Na huyu naye utanipimia siku ya kwanza, kama yule?"

Nikarudi. Nilimwomba tukae, nikakaa chini kwenye nyasi kabla yake. Nikamweleza yote. Damu ya tumboni. Kwamba kipimo changu hakikujua kitu. Kwamba homa ile, na kule kupauka kwa siku moja, na tumbo kujaa upande, ndivyo ugonjwa ule unavyowachukua wadogo. Kwamba huyu anayekuja tutamchukulia kama anao mpaka atakapofikia umri wa kupimwa, na akipata joto hata kidogo asingoje.

Hakulia wala hakunitukana, na laiti angenitukana. Alichuma jani moja la nyasi, akalichanachana vipande vidogo sana, akaviweka juu ya kitenge. Nguo zilidondosha maji nyuma yetu. Baadaye akaniuliza jambo moja tu, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeuliza saa.

"Kwa hiyo kama usingeniandikia ile kadi, siku ile ningempeleka asubuhi?"

Nikamwambia ndiyo.